Jibu: Kuchagua picha bila kuomba ruhusa ya maktaba nzima

Ndugu, umeuliza ufanyeje maana watumiaji wanakataa programu yako inapoomba kuona picha zao zote. Mimi nisingeomba kabisa. Tumia kichagua picha cha mfumo wenyewe: kwenye iPhone ni PHPickerViewController, kilichokuja na iOS 14 mwaka 2020, kwenye Android ni PickVisualMedia. Dirisha hilo linaendeshwa na mfumo wa simu, si programu yako, kwa hiyo mtu anapekua picha zake zote lakini wewe unakabidhiwa zile alizochagua tu.

Kuna mtego mmoja, nami ulinipotezea siku mbili nzima. Android haikupi faili, inakupa URI, yaani anwani ya kuifikia faili hiyo, na kwa kawaida kibali cha kuisoma kinakwisha programu ikifungwa au simu ikizimwa. Ukiiweka kwenye hifadhidata ukidhani umemaliza kazi, kesho picha haifunguki! Nakili picha kwenye hifadhi ya programu papo hapo, au tumia takePersistableUriPermission, inayokifanya kibali hicho kidumu. Mimi huwa nanakili.

Halafu iPhone inaweza kukuletea picha ya HEIC, aina ya faili ya picha ambayo si kila seva inaijua. Kama seva yako inajua JPEG tu, geuza picha iwe JPEG kabla hujaituma.