Mwaka 1944: tusiishie Normandy

Umeuliza 1944 kulitokea nini zaidi ya Normandy, pwani ya Ufaransa ambako majeshi ya Washirika yalitua katika Vita vya Pili vya Dunia. Mimi ningeanza na tarehe 12 Februari. Meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa topido na nyambizi ya Japani karibu na Maldivi. Ilikuwa mchana, wengine wako ukumbini wanasikiliza muziki, piano inapigwa. Ikazama ndani ya dakika chache. Walikufa watu 1,297, wengi wao askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi. Kinachoniuma zaidi ni kwamba manowari za Uingereza zilirusha mabomu ya kuizamisha nyambizi hiyo huku manusura bado wanaelea pale pale. Waliookoka hawakufika 220. Hawa ni babu zetu, na shuleni sikuwahi kuwasikia.

Oktoba mwaka huohuo Eliud Mathu akawa Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Waliozaliwa: Michael Kijana Wamalwa, Novemba, baadaye Makamu wa Rais wa Kenya. Waliofariki: Rommel, jemadari wa Ujerumani, na mwandishi Saint-Exupéry aliyepotea na ndege yake Julai.