Waliishije? Maswali yenu kuhusu Uganda ya Idi Amin

Nilipoandika juu ya mapinduzi ya 25 Januari 1971, siku jeshi chini ya Idi Amin lilipotwaa Kampala huku Rais Milton Obote akiwa mkutanoni Singapore, nilitarajia mniulize habari za Amin mwenyewe. Wengi wenu mmeniuliza habari za waliobaki chini yake: walikula nini, walinyamazaje, walivukaje miaka ile minane. Nimechagua maswali machache na kuyafupisha.

Bibi yangu alikuwa mwalimu Masaka wakati wote wa Amin. Nikimuuliza aliishije, ananijibu, "Tuliishi tu." Kuna nini nyuma ya jibu hilo? (Mjukuu, Kampala)

Kuna ustadi mkubwa wa kutoonekana, mjukuu. Amri ya mwaka 1971 iliwapa wanajeshi uwezo wa kukamata watu, na tangu hapo kila mwenye bunduki akawa polisi. Mtu aliweza kuchukuliwa kwa sababu ya gari zuri, kiwanja, deni alilomdai afisa, au mke ambaye afisa alimtamani. Mwenye akili aliacha nyumba bila rangi, akafika nyumbani kabla ya giza, na kama alimdai mwanajeshi, alilisahau deni.

Watu wa State Research, idara ya ujasusi iliyokuwa na makao yake Nakasero, hawakuvaa sare, ila kila mtu aliwajua: miwani myeusi, suruali pana miguuni, viatu vya soli nene, magari yenye namba za UVS. Hao walikuwa rahisi kukwepa kuliko wasiojulikana. Mara nyingi aliyechukuliwa alitajwa na mtu wa karibu, jirani mwenye kesi ya mpaka au mfanyakazi mwenzake aliyekitaka cheo chake. Utawala ule uliwaazima watu nguvu ya kumalizia ugomvi wao wa zamani, na kwangu hilo ndilo lililotisha kupita magereza yenyewe. Ndiyo maana wazazi walinyamaza mbele ya watoto. Mtoto husema darasani alichosikia mezani.

Halafu kulikuwa na redio. Amri zilitangazwa Redio Uganda zikitakiwa kutekelezwa papo hapo, na maandishi ya sheria yakafuata baadaye. Kuna mawaziri waliojua kwamba wamefukuzwa waliposikia majina yao kwenye taarifa ya habari. Aliyekosa taarifa hiyo aliweza kuvunja sheria asiyoijua, kwa hiyo watu walisikiliza kwa makini, na usiku wakatafuta BBC kwa sauti ya chini.

Ukirudi kwake, usimuulize aliishije. Muulize sabuni alikuwa anaipata wapi. Jioni nzima itakwisha kwa swali hilo moja.

Babu yetu alipata pesa nyingi kwa kahawa ya magendo kutoka Uganda. Je, sisi Wakenya tuliwasaidia Waganda au tuliwanyonya? (Msomaji, Bungoma)

Yote mawili, mara nyingi katika usiku mmoja.

Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapaa hadi 1977. Mkulima wa Uganda hakuionja bei hiyo. Sheria ilimtaka auze kwa bodi ya serikali, iliyomlipa kidogo na kwa kuchelewa, tena kwa shilingi isiyonunua kitu. Basi gunia likapanda Mlima Elgon kwa vichwa vya watu na kwa punda, likashukia Chepkube, soko la mpakani upande wa Kenya. Kilichorudi ni sukari, chumvi, sabuni na mafuta ya taa.

Bidhaa hizo zilikuwa zimetoweka madukani Uganda tangu Waasia walipofukuzwa. Tangazo lilitoka Agosti 1972, wakapewa siku 90, kisha maduka na viwanda vikagawiwa wanajeshi na marafiki zao, wale ambao mitaani waliitwa *mafuta mingi*. Wengi waliuza shehena iliyokuwepo, rafu zikabaki tupu. Hata nchi iliyokuwa na viwanda vya sukari Kakira na Lugazi ikaanza kunywa chai isiyo na sukari.

Mwaka 1975 ikaundwa mahakama ya makosa ya kiuchumi: kuficha bidhaa, kulangua au kuvusha magendo kungeweza kumfikisha mtu mbele ya kikosi cha kupiga risasi. Katika Ziwa Victoria, Mwingereza Bob Astles aliongoza kikosi cha kuzuia magendo. Lakini wanajeshi wenyewe walikuwa ndani ya biashara hiyo, na nani angewakamata? Aliyeuawa ni mbeba gunia.

Babu yako alipata faida, na bei za Chepkube hazikuwa sadaka. Hata hivyo kipande cha sabuni kilichopita kule kilifika kwa muuguzi ambaye mshahara wake haukumaliza wiki. Aliyeishi mbali na mpaka alifanya jambo la kimya zaidi: aliiacha kahawa ikaingia magugu, akapanda ndizi na mihogo. Wachumi waliandika kwamba uzalishaji umeporomoka. Mimi naona mkulima aliyehamisha jasho lake mahali ambapo serikali haingeweza kulifikia.

Kwa nini hawakuasi? (Mwanafunzi, Dodoma)

Waliasi, tena mara kadhaa, na kila walioasi wakishindwa waliolipa ni wengine. Septemba 1972 wapiganaji wa Obote waliingia kutoka Tanzania wakashindwa kwa siku chache. Tarehe 21 mwezi huohuo Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa mahakamani mchana kweupe, na mwezi uliofuata akapotea Frank Kalimuzo, makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere. Machi 1974 sehemu ya jeshi ilijaribu kupindua. Juni 1976 Amin alirushiwa mabomu ya mkono Nsambya, akapona. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum na mawaziri wawili waliuawa, na serikali ikatangaza ajali ya gari. Hakuna aliyeamini, na hakuna aliyesema kwamba haamini.

Ukihesabu bunduki peke yake, utakosa mengi. Mwaka 1977 madhehebu mengi ya Kikristo yalipigwa marufuku, wakiwemo Wapentekoste, Waadventista na Jeshi la Wokovu. Waumini waliendelea kusali majumbani na vichakani. Walimu na madaktari walivuka mipaka: waliosoma sekondari Kenya miaka hiyo watakutajia mwalimu wao kutoka Uganda. Kuondoka nako kulikuwa kura, labda ndiyo kura pekee iliyobaki.

Ilihitaji jeshi zima la nchi jirani, likiwa na Waganda waliokuwa uhamishoni, kuitwaa Kampala 11 Aprili 1979. Vita hiyo ya Kagera nadhani Dodoma mnaijua kuliko mimi.

Ni kweli alikula watu? (Msomaji, Tanga)

Hakuna ushahidi, na swali hili limenichosha. Hadithi hiyo inamgeuza Amin kuwa zimwi, na kwa zimwi hatuulizi nani aliandika orodha, nani aliendesha gari, nani alisaini karatasi ya petroli. Watu walikufa mikononi mwa ofisi zenye makarani. Ni wangapi? Makadirio yanayotajwa sana ni 300,000, mengine yanashuka hadi 80,000, na hakuna aliyewahesabu mmoja mmoja.

Nimeona picha za enzi hizo, watu wanacheka na kucheza ngoma. Mbona hawaonekani kuogopa? (Msomaji, Mombasa)

Mpiga picha alikuwa wa serikali. Mwaka 2015 kulipatikana kwenye shirika la utangazaji la Uganda kabati lenye negativu zipatazo 70,000, na sehemu yake ikaonyeshwa Kampala mwaka 2019. Zimejaa sherehe, gwaride na ziara. Nakasero haimo. Ila usidhani kila kicheko ni cha uongo. Siku ya mapinduzi Kampala ilishangilia kwa dhati, hasa Waganda wa Buganda waliomchukia Obote tangu jumba la Kabaka, mfalme wao, liliposhambuliwa mwaka 1966. Na harusi hazikusimama miaka minane.

Sisi wa West Nile huitwa "watu wa Amin". Wazee wetu hawapendi kusimulia. Je, walinufaika? (Msomaji, Arua)

Wapo walionufaika: Wakakwa (kabila la Amin, la huko kwenu), Wanubi na wengine walipewa vyeo, nyumba na maduka, na haifai kulificha hilo. Lakini cheo hakikuwa kinga. Luteni Kanali Michael Ondoga, Mlugbara, alikuwa waziri wa mambo ya nje. Mwaka 1974 alifukuzwa kazi, na baada ya siku chache maiti yake ikapatikana katika Mto Nile. Mkulima wa kawaida wa Maracha au Terego alipata nini? Sukari ilimkosa yeye kama ilivyomkosa mtu wa Masaka.

Kisha utawala ukaanguka, na kwa wazee wenu hatari ikaanza upya. Kuanzia 1980 jeshi jipya la Uganda lililipiza kisasi West Nile, watu wakakimbilia Sudan na Zaire hadi vijiji vikabaki vitupu. Tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi hao waliwaua makumi ya watu waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu kabisa na mji wenu. Wazee hao wamenusurika mara mbili, na mara ya pili haina waulizaji. Anza na Ombaci, kwa upole. Ya Amin yatafuata yenyewe.

Babu yangu alichukuliwa kazini Jinja mwaka 1973, hakurudi. Shangazi yangu anataka kujua pa kuanzia kutafuta. (Mama wa watoto wawili, Nairobi)

Poleni sana. Mwaka huohuo wa 1973 serikali ilitunga sheria ya kusimamia mali za watu waliopotea, kwa sababu wake walikuwa hawawezi kugusa akaunti ya benki wala pensheni bila cheti cha kifo. Utawala unaopoteza watu ukawatungia sheria waliopotea! Kama bibi yako aliomba kusimamia mali, huenda jalada liko mahakamani.

Mwaka 1974 Amin, kwa kubanwa na malalamiko, aliunda tume ya kuchunguza waliopotea chini ya Jaji Mohamed Saied. Wanawake walisimama mbele yake wakataja maafisa kwa majina. Iliorodhesha kesi 308. Ripoti haikutangazwa wakati huo, na mjumbe mmoja alikimbia nchi. Angalieni kama jina la babu limo.

Mwingine wa kuulizwa ni mwajiri wake. Kama alikuwa mtumishi wa serikali, ulizieni faili lake wizarani na katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iliyopo Wandegeya. Beba majina yote: la ubatizo, la ukoo, na jinsi makarani walivyoyaandika, maana herufi zilibadilika kutoka karatasi hadi karatasi. Shangazi asiende kaunta peke yake, na wewe usiende bila yeye. Majina hayo anayajua yeye.