Kabureta ya 750 kwenye V8 ya inchi 350
Je, kabureta ya 750, yaani inayopitisha futi za ujazo 750 za hewa kwa dakika, inafaa kwenye V8 (injini ya silinda nane) ya inchi 350? Hapana, 750 ni kubwa mno kwa injini ya inchi za ujazo 350 ya matumizi ya kawaida. 600 inatosha na kubaki. Zidisha ujazo wa injini kwa mizunguko yake ya juu kabisa kwa dakika, gawa kwa 3456: 350 × 5500 ÷ 3456 ni kama 557, na injini isiyochezewa huvuta takribani asilimia 85 tu ya hapo, yaani futi za ujazo 473 kwa dakika. Koo la kabureta likiwa pana kupita kiasi hewa hupita polepole, petroli hainyonywi vizuri, na ukikanyaga mafuta ghafla gari linasita kabla ya kuvuta. Ila kama umefunga kamshafti kali (mhimili unaofungua vali zaidi ya kawaida) na unafika mizunguko 6500, hapo 650 au 700 inaeleweka.