Rafiki yako yuko Kabul: kudumisha urafiki bila kumtia hatarini

Wengi wenye rafiki wa kike Afghanistan huchunga maneno wanayoandika na kusahau simu inayoyapokea. Katika nyumba nyingi simu si ya mtu mmoja. Kaka anaiazima, watoto wanaichezea, na kwenye vizuizi vya barabarani inaweza kukaguliwa.

Kwa hiyo kwanza muulize simu ni ya nani, na saa ngapi huwa mkononi mwake. Kabul iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa moja na nusu: saa tatu usiku ya Nairobi, kwake ni saa nne na nusu. Mwache yeye aanze kuandika. Kwenye WhatsApp washeni meseji za kujifuta na mchague saa 24, si siku 90. Hapo wengi hudhani wamemaliza. Picha iliyojipakua yenyewe inaweza kubaki kwenye simu hata meseji ikishafutika, basi azime upakuaji huo, pamoja na arifa zinazoonyesha maneno skrini ikiwa imefungwa. Picha yake usiibandike popote, hata ya harusi. Sheria ya maadili ya Agosti 2024 ya Taliban, wanaotawala nchi tangu 2021, inagusa mpaka sauti ya mwanamke hadharani, sembuse sura.

Ukimya nao upangieni mapema. Mwishoni mwa Septemba 2025 intaneti ilikatwa nchi nzima kwa takriban siku mbili, na simu zikaathirika. Walioingiwa na hofu wakapiga mfululizo kwa jamaa zake huwa wamemwanika bure. Kubalianeni siku za kusubiri, na ndugu mmoja aliye nje ambaye ndiye pekee wa kuulizwa.

Kuhusu maswali, punguza udadisi. Bustani na kumbi za mazoezi wanawake walifungiwa Novemba 2022, vyuo vikuu Desemba mwaka huohuo, saluni Julai 2023. Saluni imeuma kuliko watu wa nje wanavyodhani, maana ilikuwa sehemu ya wanawake watupu, ya kukaa na shoga zako bila mwanamume kuingia. Sasa zimebaki sebule za watu. Katika utawala wa kwanza wa Taliban, 1996 hadi 2001, wanawake wa Herat walikuwa wakienda darasa la ushonaji, kumbe ndani wanasoma fasihi. Basi akikwambia anaenda kushona, mtakie kazi njema. Usiulize nyumba ya nani.

Pesa mara nyingi hupita kwa hawala, yaani wakala wa huku humwagiza wakala wa kule alipe, bila benki. Uliza ada kabla ya kutoa, andika jina kama lilivyo kwenye tazkira, yaani kitambulisho chake, na namba ya siri itume kando na jina. Swali linalosahaulika ni nani atakwenda kuchukua: kama ni kaka yake, yeye mwenyewe aridhie kwanza.

Ahadi ya viza ndiyo inayovunja urafiki upesi. Tangu Desemba 2021 safari ya mwanamke ya zaidi ya kilomita 72 inadai maharimu, yaani ndugu wa kiume wa karibu wa kumsindikiza, na Agosti 2023 wanafunzi wa kike wenye ufadhili wa kusoma Dubai walizuiwa uwanja wa ndege wa Kabul. Kabla ya kumtumia fomu yoyote, uliza kama ana pasipoti na nani atamsindikiza. SOLA, shule ya bweni ya wasichana iliyohamia Rwanda mwaka 2021, ipo kweli, lakini ni ya wasichana wa shule. Mtu mzima usimtajie kama njia ya kutokea.