Wasomaji Wanauliza: Shule imebomolewa, kumbukumbu zake zimekwenda wapi?

SWALI: Shule ya msingi tuliyosoma hapa Ilala ilibomolewa kupisha barabara. Leo hata kibao hakuna. Sisi wanafunzi wa zamani tunataka kuandika historia yake: ilianza lini, nani aliijenga, walimu wakuu walikuwa akina nani. Tulikwenda kuulizia tukaambiwa faili halipo. Tuanzie wapi?
*Msomaji, Ilala, Dar es Salaam*

JIBU: Ndugu msomaji, "faili halipo" mara nyingi maana yake ni kwamba halipo kwa jina mlilotaja, au halipo katika ofisi hiyo. Msivunjike moyo, na wala msikimbilie Nyaraka za Taifa kwanza. Anzieni shule iliyowapokea watoto.

Shule ikifungwa, wanafunzi huhamishiwa shule jirani, na madaftari aghalabu huwafuata. Mwombeni mwalimu mkuu wa shule hiyo awaonyeshe daftari la uandikishaji, lile lenye namba ya mtoto, jina la mzazi na shule alikotoka. Pitisheni kidole kwenye safu ya shule alikotoka. Mtakapoona jina la shule yenu likijirudia mstari baada ya mstari, mmepata tarehe ya kufungwa. Angalieni: hiyo si tarehe ya kubomolewa. Jengo laweza kusimama tupu hata miaka kadhaa, na hapo ndipo wengi huandika mwaka usio sahihi.

Mkiwa hapo hapo, ulizieni stoo: kitabu cha matukio, leja ya vifaa, mihtasari ya kamati ya shule na kitabu cha wageni. Kitabu cha wageni hudharauliwa sana, lakini sisi tungekitafuta kabla ya vingine vyote. Ndimo wakaguzi wanamotia saini na tarehe, na wengine huandika neno kuhusu hali ya majengo. Tazameni pia kengele ya shule, iwe kipande cha reli au rimu ya gari, na jiwe la msingi. Vitu hivi hubebwa na kwenda kukaa nyuma ya ofisi ya shule nyingine bila maelezo yoyote.

Sasa turudi kwenye faili. Linapotea kwa njia mbili.

Ya kwanza ni jina. Wakati wa Waingereza shule zilitenganishwa: za Wazungu, za Waasia, za Waafrika. Sheria ya Elimu ya 1969 iliipa serikali nafasi ya kuchukua shule za mashirika na za dini, na nyingi zikabadilishwa majina. Shule ya St. Joseph's Convent ikawa Forodhani. Ya wavulana ya Aga Khan ikawa Tambaza. Mkitafuta "Forodhani" katika orodha ya faili za miaka ya 1950, hamtapata kitu. Mitaa nayo ilibadilika: Kichwele ni Uhuru ya leo, na Acacia Avenue ilikuwa Independence Avenue kabla ya kuwa Samora. Andikeni majina yote ya shule na ya mtaa kwenye karatasi moja kabla ya kwenda popote.

Ya pili ni kuhama kwa ofisi. Halmashauri zilifutwa kuanzia mwaka 1972 katika mpango wa Madaraka Mikoani, kazi zake zikahamia ofisi za mikoa na wilaya, kisha zikarudishwa mijini 1978. Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam nayo ilivunjwa 1996, ikaja Tume ya Jiji, kisha mwaka 2000 zikaundwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Kila badiliko lilikuwa na makabati ya kuhamisha. Kwa hiyo jambo la miaka ya 1970 liulizeni mkoani, si kwenye halmashauri peke yake.

Mkishakuwa na majina na miaka ya kukadiria, ndipo mwende Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Mtaa wa Vijibweni, Upanga. Chukueni barua ya utambulisho inayotaja mada na miaka, kitambulisho, na penseli badala ya kalamu ya wino. Ombeni orodha za faili kwanza, si faili lenyewe, na mnakili namba kamili ya kila faili mlilosoma. Bila namba hiyo mwenzenu hataweza kuhakiki. Kwa kawaida faili hufunguliwa kwa wasomaji baada ya miaka 30, basi msitegemee kupata huko habari za ubomoaji wa juzi. Hizo zimo katika taarifa ya uthamini wa fidia na mihtasari ya vikao vya madiwani. Taarifa ya uthamini ina vipimo vya kila jengo, aina ya paa na kuta, na mara nyingi picha. Kwa shule iliyobomolewa kwa ajili ya barabara, hiyo ndiyo picha ya mwisho ya madarasa yenu.

SWALI: Wazee watatu wametupa miaka mitatu tofauti ya kuanzishwa kwa shule yetu ya zamani, na kila mmoja ana hakika. Tumwamini nani?
*Msomaji, Temeke*

JIBU: Msiwaulize mwaka. Kumbukumbu haihifadhi tarakimu. Huhifadhi watu na matukio. Mwulizeni kila mzee: ulipoingia darasa la kwanza mwalimu mkuu alikuwa nani? Aliondoka ukiwa darasa la ngapi? Nani akaja? Kwa wazee wanne au watano mtapata mnyororo wa walimu wakuu, na pale minyororo inapopishana ndipo pa kuchimba.

Kisha uungeni mnyororo huo na matukio yasiyo na ubishi: Uhuru, Desemba 1961, maasi ya jeshi, Januari 1964, Azimio la Arusha, Februari 1967, vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, mvua za El Niño, 1997 kuingia 1998, mabomu ya Mbagala, Aprili 2009. "Tulikuwa darasani au tulikuwa likizo?" ni swali zuri kuliko "ilikuwa lini?"

Lugha ya mzee nayo ina tarehe ndani yake. Anayesema alimaliza darasa la nane alisoma kabla mfumo haujawa wa miaka saba, badiliko lililofanyika miaka ya 1960. Anayekumbuka msongamano wa ghafla, zamu mbili na walimu vijana wa UPE, yaani mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, anazungumzia 1977 na miaka iliyofuata. "Madarasa ya MMEM", yaani ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ni ya kuanzia 2002.

Na huenda wazee wote watatu wako sahihi. Mmoja anahesabu tangu darasa lililokuwa chini ya mwembe au barazani, mwingine tangu jengo la kwanza, mwingine tangu usajili. Andikeni tarehe zote tatu, kila moja kwa jina lake.

SWALI: Tunawezaje kujua hasa shule ilisimama wapi na ilibomolewa lini? Eneo lote limejengwa upya.
*Msomaji, Kinondoni*

JIBU: Fungueni Google Earth kwenye kompyuta, mkaribie eneo, kisha bonyezeni alama ya saa ili kupata picha za miaka iliyopita. Kwa Dar es Salaam zipo za kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000. Andikeni tarehe ya picha ya mwisho yenye paa na ya kwanza isiyo na paa. Shule ilibomolewa kati ya hizo mbili. Karibieni vya kutosha kabla ya kusoma tarehe, kwa sababu mkiwa mbali picha huunganishwa kutoka siku tofauti na tarehe hupotosha.

Kwa miaka ya nyuma zaidi, tafuteni ramani ya upimaji na mchoro wa mipangomiji kwa namba ya kiwanja na kitalu. Shule nyingi hazikuwa na hati, lakini mchoro huonyesha eneo lililotengwa. Mkifika pale penyewe, tazameni miti: safu ya miarobaini au miembe iliyonyooka haikuota yenyewe, huwa ndiyo mpaka wa uwanja.

SWALI: Yetu ilikuwa shule ya kanisa, wilayani Muheza. Je, njia ni hiyo hiyo?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Ninyi mna bahati, maana wamisheni waliandika sana. Anzieni parokiani na dayosisi. Kama ilikuwa ya UMCA, wamisheni wa Kianglikana kutoka Uingereza waliokuwa na kituo Magila, kumbukumbu nyingi za shirika ziko maktaba za Bodleian, Oxford, Uingereza. Waandikieni mkitaja kituo na miaka, si "shule yetu". Kwa shule za Waislamu, ulizeni kama ilijengwa na East African Muslim Welfare Society. Jumuiya hiyo ilifungwa nchini 1968 na BAKWATA ikaundwa, hivyo mkondo wa karatasi unapitia huko.

SWALI: Tumekusanya picha za zamani za darasa. Tuzitunzeje?
*Msomaji, Ilala*

JIBU: Zipigeni skani kwa dpi 600, mbele na nyuma, kwa kuwa mhuri wa studio na maandishi ya nyuma ni ushahidi. Msizifute kwa kitambaa chenye maji wala kubandika kwa selotepu. Kwa simu, zipigeni karibu na dirisha, bila flashi, simu ikiwa sambamba na picha. Majina yaandikeni kwa mistari, kushoto kwenda kulia, na wekeni alama ya kuuliza pale msipo na hakika. Wekeni nakala sehemu mbili, na mwenye picha arudishiwe ya kwake siku hiyo hiyo. Alama za mitihani za watu walio hai msizichapishe bila idhini yao.