Kuhamia Dodoma na watoto: anza na saa ya mtoto kuamka, nyumba itafuata

Mleta mada, umesema umepata uhamisho kutoka Dar, ofisi yako iko Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, una watoto watatu, wa darasa la sita, wa la tatu na wa awali, na unauliza ukae mtaa gani na watoto wasome wapi. Wengi wamekujibu kwa kukutajia shule. Mimi nipo Dodoma tangu Januari 2019, nimehama mitaa miwili na shule mbili, kwa hiyo naomba nikueleze tulipokosea ili wewe na wanao msipite njia ile ile.

Sisi tulianza na nyumba. Wizara ya baba watoto wakati ule ilikuwa kwenye majengo ya UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma. Dalali akatuonyesha nyumba Nkuhungu: vyumba vitatu, uzio, geti, na kodi nafuu kuliko ile ya Tabata tulikotoka. Tukalipa miezi sita pamoja na ya dalali ya mwezi mmoja. Shule tukaitafuta baadaye, tukapata moja iliyosifiwa sana upande wa Ilazo. Mwezi wa nne wizara zikahamia Mtumba. Sasa ona tulivyojipanga: Nkuhungu iko magharibi, upande wa barabara ya Singida. Ilazo iko mashariki. Mtumba iko huko huko mashariki, kilomita kama 17 kutoka mjini kwa barabara ya Dar. Kila mtu nyumbani akawa anavuka mji mzima asubuhi na jioni.

Basi la shule lilikuwa linaanzia kwetu kwa sababu sisi ndio tuliokuwa mbali kuliko wote. Saa kumi na moja kasorobo alfajiri, honi getini. Binti yangu alikuwa darasa la kwanza, ana miaka sita, na soksi nilikuwa namvalisha akiwa bado usingizini. Mwezi wa saba Dodoma kuna baridi na upepo unaochoma, basi namzungushia khanga juu ya sweta, namkabidhi kwa matroni gizani. Chai hajanywa, namtilia kwenye chupa, na chapati kwenye kikontena. Jioni saa kumi na mbili anashuka, kikontena kinarudi na chapati yote. Mwezi wa nane mwalimu wake akaniita, akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, huyu mtoto vipindi viwili vya kwanza huwa analala. Siyo mara moja moja, ni kila siku." Nililia ndani ya bajaji njia nzima. Shule haikuwa na ubaya wowote, na mtoto hakuwa mzito. Ni sisi tuliomweka barabarani saa ambayo alipaswa kuwa amelala.

Ndiyo maana nakusihi uhesabu kurudi nyuma. Mtoto wa awali na wa la tatu wasiamke kabla ya saa kumi na mbili kasoro. Toa muda wa kuvaa na kunywa chai, kinachobaki ndicho muda wa safari, na huo ndio uchore duara lako la kutafuta nyumba. Usiukubali muda anaoutaja mtu wa ofisini shuleni. Ongea na dereva wa basi lenyewe, muulize mtoto wa kwanza anampakia saa ngapi na wapi, na wa mwisho anamshusha saa ngapi. Madereva husema kweli. Uliza pia nauli ya basi kwa mtaa unaoufikiria, maana mara nyingi iko nje ya ada na inapanda kadiri unavyokuwa mbali. Kwetu ile nafuu ya kodi ya Nkuhungu yote iliishia kwenye basi.

Kwa kuwa ofisi ni Mtumba, mimi ningetafuta ukanda wa mashariki tu. Ilazo na Kisasa huduma ziko karibu, shule za binafsi zipo kadhaa, ila kodi imechangamka. Nzuguni ni pana: ukiwa karibu na stendi kuu na soko la Job Ndugai usafiri hausumbui, ukiingia ndani ndani utakutana na vumbi na ujenzi kila upande. Ihumwa unaikaribia Mtumba kabisa, ila nilipotafuta mimi chaguo la shule lilikuwa dogo. Iyumbu, kwa upande wa UDOM, kumetulia sana na nyumba nyingi ni mpya, lakini bila gari lako utahangaika. Kiwanja usinunue mwaka wa kwanza, hata ukiambiwa bei inapanda kesho. Panga kwanza, uone maisha ya mtaa kiangazi na masika.

Na masika yenyewe usiyadharau. Watu wanaijua Dodoma kwa ukame, lakini kati ya Desemba na Aprili mvua ikipiga yale makorongo yanajaa kwa saa moja, na kama korongo liko kati ya nyumba na shule, siku hiyo mtoto amekwama. Ukienda kutazama nyumba, fuata njia ya basi kwa miguu walau nusu yake uone inavuka wapi. Suala la maji pia dalali hatakueleza sawasawa. Bisha hodi kwa jirani, msalimie, muulize maji ya bomba ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, yanatoka siku zipi kwa wiki, kisha mwombe akuonyeshe ndani ya birika lake. Likiwa na ukoko mweupe mnene ujue mtaa huo unatumia maji ya chumvi ya kisima, na ya kunywa utanunua kila siku.

Sasa shule. NECTA, yaani Baraza la Mitihani, waliacha kutangaza shule kumi bora, lakini matokeo ya kila shule bado yapo kwenye tovuti yao, na kuna kitu kimoja wazazi wengi hatukiangalii. Fungua matokeo ya darasa la saba ya shule unayoitaka, tuseme ya 2024, uhesabu watahiniwa. Halafu fungua matokeo ya darasa la nne ya 2021, shule hiyo hiyo. Wale ni kundi moja. Shule moja tuliyokuwa tumeipenda mno nilikuta la nne walikuwa 71, la saba wamebaki 46, na karibu wote wana A. Kuhama kupo, lakini watoto 25? Nikaenda kuuliza, nikajibiwa kuna wastani wa kuvuka, asiyefikisha anakariri darasa au mzazi anatafuta kwingine. Mwanangu wa kwanza ni mtoto wa wastani mwenye bidii, nikajua hapo hatafika la saba. Tulimpeleka shule yenye B na C nyingi ambayo walioingia ndio wanaotoka, na leo yuko sekondari, anapenda kusoma.

Ukitembelea shule nenda saa saba au saa nane mchana, siyo asubuhi walivyojiandaa. Omba kuona daftari za hesabu za darasa la tatu, za watoto watatu wowote. Tazama kama mwalimu amesahihisha kosa au ameweka vema tu ukurasa mzima. Kisha nenda vyooni, uone milango inafunga na maji ya kunawa yapo.

Usiziruke shule za serikali pia. Ada hakuna, na kitinda mimba wetu anasoma ya hapa mtaani, anatembea dakika kumi na wenzake. Darasa lao lina watoto zaidi ya themanini, hilo sikufichi, kwa hiyo kila jioni nakaa naye mezani. Lakini anaamka saa kumi na mbili na nusu, amekunywa uji wake, na saa tisa yuko nyumbani ana nguvu ya kukaa nami. Bweni watakushauri wengi. Kwa hao wawili wadogo tayari jibu unalo, serikali ilisitisha bweni kuanzia awali hadi darasa la nne mwaka 2023.

Kuhusu lini uhame, wengi wamekwambia usubiri Januari. Mimi sikubaliani. Januari huyo wa la sita ataingia la saba na wa la tatu ataingia la nne, wote wawili mwaka wa mtihani, shule ngeni, walimu wageni. Hamisha likizo ya mwezi wa sita, wapate nusu mwaka wa kuzoea. Anza uhamisho mapema, maana kila mtoto ana namba yake ya PReM, ule mfumo wa NECTA wa kumbukumbu za wanafunzi, na mwalimu mkuu wa shule anayotoka lazima amwachie kwenye mfumo ndipo huku wampokee. Sisi ilituchukua wiki tatu kwa sababu tu mwalimu mkuu alikuwa safari na hatukuwa tumemuaga. Ikishindikana, tangulia wewe, familia ibaki Dar kwanza. Tangu SGR, ile reli ya kisasa, ifike huku 2024, Ijumaa jioni unapanda treni na usiku huo huo unakula na wanao.

Kabla hujalipa hata senti kwa dalali, njoo siku mbili, ulale gesti Nzuguni au Ilazo. Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi simama barabarani utazame mabasi ya shule yanapita na watoto wa aina gani, waliolala vichwa vimeegemea dirisha au wanaoongea. Nitumie ujumbe ukifika, nitakupitisha mitaa yote miwili.