Kwa mnaoanza usanifu majengo: someni kihenge kabla ya picha yake

Kila mwaka wanafunzi wapya huonyeshwa picha zilezile kwenye somo la historia: safu ya vihenge vikubwa vya zege huko Amerika, bila dirisha, bila pambo, na mwalimu anaeleza kwamba usanifu wa kisasa ulichota mengi hapo. Wanaandika kwenye daftari. Kisha zoezi la kwanza la studio linakuja na majengo ya mviringo yanamiminika. Ukiuliza kwa nini mviringo, unajibiwa kuwa linapendeza.

Tuanze na urefu. Ngano ya Marekani ilifika Buffalo, New York, kwa meli za Maziwa Makuu ya huko, ikahamishiwa kwenye mashua za mfereji wa Erie. Vibarua waliipakua kwa mabega mpaka 1842, Joseph Dart na mhandisi Robert Dunbar walipofunga mkanda wenye ndoo uliosukumwa na mvuke. Ndoo zilichota ngano ndani ya meli na kuipandisha juu kabisa ya ghala. Ikishafika juu, uzito wake wenyewe unamaliza kazi: inapimwa, inashuka kihengeni, na siku ya kuondoka inamwagika kwa mdomo wa chini. Jengo lilirefuka kwa sababu hiyo tu.

Mviringo ulikuja baadaye. Maghala ya mbao yaliungua mno, maana vumbi la nafaka likitanda hewani, cheche moja inatosha kulilipua. Mwaka 1899 mfanyabiashara Frank Peavey na mjenzi Charles Haglin walianza kujenga kihenge kimoja cha majaribio karibu na Minneapolis, zege lenye nondo, fomu za mbao za kumwagia zege zikisogezwa juu kadiri ukuta ulivyopanda. Watu walikibeza, wakisubiri kipasuke siku ya kutoa nafaka. Hakikupasuka, na bado kimesimama. Nafaka husukuma ukuta kwenda nje. Duara linapokea msukumo huo kama nguvu ya kuvuta inayozunguka ukuta, na nondo zilizopinda kama pete zinaibeba nguvu hiyo hata ukuta ukiwa mwembamba. Ukuta bapa ungehitaji unene mkubwa zaidi.

Hapa wengi hudhani nafaka ni kama maji, kwamba kadiri kina kinavyoongezeka ndivyo sakafu inavyolemewa. Mhandisi Mjerumani H. A. Janssen alionyesha mwaka 1895 kwamba sivyo. Punje husuguana na ukuta, ukuta unabeba sehemu ya mzigo, na ukishapita kina fulani shinikizo la chini karibu halipandi tena. Kwa hiyo ukuta wa kihenge unavutwa kwa pembeni na kugandamizwa kwenda chini kwa wakati mmoja. Hilo huwezi kuliona kwenye picha hata uikuze vipi.

Na picha ndizo zilizosafiri. Msanifu Walter Gropius alizichapisha Ujerumani mwaka 1913, ilhali alikuwa bado hajafika Marekani. Msanifu mwenzake Le Corbusier alizichukua kwenye kitabu chake cha 1923, na kwenye picha ya vihenge vya kampuni ya Bunge y Born vya Buenos Aires, Argentina, akafuta vijipaa vya pembetatu vilivyokuwa juu, ili yabaki maumbo matupu aliyoyataka. Erich Mendelsohn peke yake kati ya wasanifu hao watatu alikwenda Buffalo mapema, mwaka 1924, akapiga picha mwenyewe. Simdharau Le Corbusier. Alijifunza jambo la kweli kuhusu mwanga na umbo. Lakini aliyefuta paa hakuwa na swali kuhusu paa lile lilikuwa linafanya nini.

Mwaka huohuo wa 1913, mwezi Oktoba, kihenge kipya cha Transcona karibu na Winnipeg, Kanada, kilianza kuzama kikijazwa, kisha kikainama takriban digrii 27. Zege halikuvunjika. Udongo wa mfinyanzi uliokuwa chini zaidi, laini kuliko wa juu, ndio ulioshindwa. Walikitoa ngano, wakachimba nguzo za msingi mpaka kwenye mwamba, wakakisimamisha, kikaendelea na kazi. Ningekuwa na uwezo, kisa hiki kingefundishwa saa ileile ya picha za Gropius.

Kwa hiyo mkipewa zoezi, chora mkato, yaani jengo kama limepasuliwa wima, kabla ya ramani. Onyesha kitu kinaingilia wapi, kinapita wapi, kinasukuma nini, uzito unaishia kwenye udongo gani. Hata wanaogeuza majengo haya hawakwepi maswali hayo: Cape Town, kihenge cha miaka ya 1920 kilichofunguliwa mwaka 2017 kuwa jumba la sanaa la Zeitz MOCAA kilikatwa ndani kwa umbo la punje ya hindi, lakini kuta zilikuwa nyembamba mno, ikabidi mirija iliyohifadhi nafaka ivikwe zege jipya kwa ndani ndipo msumeno upite.

Ombeni pia barua ya chuo mkaone vihenge vya chuma vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula wa Tanzania. Ongeeni na mwendesha mitambo kabla ya meneja. Na mtu asikanyage nafaka ndani ya kihenge, hasa mdomo wa chini ukiwa wazi: inamvuta mtu chini kwa sekunde chache, na kumtoa si kazi ya kamba na wenzake wawili.